Mwanangu Ameng'oa Mlango Wake Akaniachia

Mpendwa Mwalimu Nasike,

Naomba msaada wako, na kama inawezekana unijibu kwenye gazeti la Jumamosi hii, kwa maana Jumanne inayofuata nasimama tena kwenye bunge la kaunti, na Jumamosi ya wiki hiyo hiyo watu wangu wanakwenda Muhoroni kuposa, na mimi hata sasa sijui kama ninatengeneza au ninaharibu. Majina nitakayoandika si ya kweli, langu silitaji kabisa, wewe jua tu kwamba mimi ni mwakilishi wa wadi hapa Kisumu, muhula wa pili, mzee wa kanisa, baba wa watoto watatu, na watu wakiniona barabarani huniita Mheshimiwa hata kabla sijawasalimia.

Kifungua mimba wangu nitamwita Okinyi. Ana miaka thelathini na minne, ni fundi wa friji, ana kibanda chake Kondele, na wauza samaki wote wa ufuoni wanamjua kwa sababu friji ikizima samaki hawangoji. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na tangu utotoni akifungua redio yangu ataifunga tena na hakuna hata kipande kimoja kitakachobaki mezani. Kwa miaka sita sasa anaishi na mwenzake ambaye nitamwita Robinson, fundi wa nguo, na mimi ninajua wanaishi vipi. Sitaki kukudanganya Mwalimu, ninajua. Mama yake alijua kabla yangu akaninyamazia, na mimi nilipojua nilikaa siku tatu chakula hakipiti, nikaomba, nikafunga, nikakasirika, mwisho nikaamua kuishi kama mtu asiyejua, na hivyo ndivyo tumeishi, wao kwao Kondele na sisi bomani, Krismasi Okinyi anakuja peke yake, analala kwenye simba yake siku mbili, anarudi.

Wewe uliolewa kwetu kwa hiyo unaijua simba, lakini kwa wasomaji wengine, kwetu Wajaluo simba ni ile nyumba ndogo ambayo kijana hujenga karibu na lango la boma la babake, anakaa humo mpaka aoe, halafu siku ikifika babake anamtoa na kwenda naye kuanzisha boma lake mwenyewe. Na unajua pia kwamba mdogo hamtangulii mkubwa kutoka. Sasa Oluoch, anayemfuata Okinyi, ana mke na watoto wawili, wamebanana kwenye simba ya chumba kimoja na nusu, kiwanja anacho, mawe ya kujengea yameshafika, lakini hawezi kutoka kwa sababu kaka yake hajatoka, na kaka yake hatoki kwa sababu hana mke. Kila nikirudi nyumbani namkuta Oluoch ameketi juu ya yale mawe. Ananisalimia vizuri.

Shida yenyewe ilianza na hoja. Unajua vile mambo haya yamekuwa, mahakama ikitamka neno moja Nairobi, huku kwetu makanisa yanaandamana, na vijana wanatukanana kwenye simu kuhusu nani aoe nani. Basi mwenzetu mmoja akaleta hoja bungeni ya kupinga ndoa za watu wa jinsia moja, na chama kikaniambia mimi kama mzee wa kanisa nizungumze mwisho. Ukweli ni kwamba hoja ile haibadilishi sheria yoyote, sheria ya ndoa haitungwi Kisumu, lakini uchaguzi unakuja, na mpinzani wangu Nicodemus ameanza kuuliza kwenye matanga ya watu mbona kifungua mimba wa Mheshimiwa hajaoa, na anauliza kwa upole sana, kama mtu anayeniombea mema.

Okinyi akasikia kwamba nitazungumza. Akaja ofisini kwangu na nguo zake za kazi, nikamwonyesha kiti, hakuketi. Alisema, "Baba, mi sijakuomba harusi. Sijakuomba cheti. Wewe pinga tu, hiyo ni kazi yako. Lakini usitaje boma." Nikamwambia sawa. Nikampa mkono, Mwalimu, sikutikisa kichwa tu, nilimpa mkono.

Siku ilipofika nilivaa kaunda suti ya kijivu nikasoma hotuba niliyoandikiwa, nikamaliza, karatasi ikaisha, ningeweza kuketi. Lakini ukumbi ulikuwa kimya, na mimi ukimya wa ukumbi siuwezi, huwa nahisi kama nimeshindwa, basi nikaongeza la kwangu. Nilisema kila baba aanze na boma lake, mwenye mtoto wa namna hiyo amtoe langoni, na mimi nitakuwa wa kwanza. Walipiga meza mpaka glasi zikaruka. Redio ilichukua hayo maneno ya mwisho peke yake ikayarudia tangu taarifa ya mchana mpaka ya jioni. Na ile suti, Mwalimu, ni Robinson aliyenishonea. Alinipima mwenyewe, akanipanulia kiuno bila kusema mbele ya watu kwamba nimenenepa.

Kesho yake nilikuwa na mkutano Obunga, nikafika nyumbani saa kumi jioni, nikakuta simba ya Okinyi haina mlango. Hakuuvunja. Aliufungua bawaba moja moja, akaubeba, akauegemeza kwenye ukuta wa nyumba yangu chini ya dirisha la chumba changu, na kwenye komeo akafunga kifuko cha kitambaa, ndani yake mna bawaba zote tatu na skrubu zote, hata ile fupi ya komeo. Hakuacha barua. Mama yake alikuwepo, anasema alimwamkia, akanywa chai, akafanya kazi yake polepole kama anayetengeneza friji ya mteja, akaaga akaenda. Mama yake ametundika leso pale mlangoni ili kuku wasiingie. Mimi ananiambia tu chakula kiko tayari. Majirani wakipita wanaiangalia ile leso, kisha wananiamkia kwa heshima kuliko zamani.

Simu yangu Okinyi hashiki. Na tangu siku hiyo kuna kitu kinanirudia ambacho sikukifikiria hata kidogo kilipotokea. Mwaka jana Okinyi alishikwa na tumbo, Robinson akamkimbiza hospitali, wakasema ni upasuaji, wakamuuliza Robinson yeye ni nani wa mgonjwa. Akasema ni rafiki. Wakamwambia atafute ndugu wa kutia sahihi. Mimi nilikuwa Muhoroni kwenye mkutano wa wakulima wa miwa, simu nimeizima, na mama yake alikuwa kijijini ambako mtandao unakuja ukipenda. Nilifika baada ya saa mbili na zaidi. Nilimkuta Robinson kwenye benchi nje, viatu vya Okinyi viko mapajani mwake, amevishika kwa mikono miwili. Muuguzi akaniuliza huyu ni nani, nikasema, "Huyu ni fundi wangu wa nguo." Robinson akaitikia, "Ndiyo, sister, ni fundi wake." Wakamwambia basi aende nyumbani, mzazi amefika.

Sasa dada yangu mkubwa ameleta suluhisho. Kuna msichana huko Muhoroni, nitamwita Caren, ana miaka ishirini na sita, anauza kwenye duka la dawa za mifugo, ana heshima, anaimba kwaya. Dada ameshaongea na mama yake, na Jumamosi ile tunapeleka ayie, ile zawadi ya kwanza ambayo mama wa msichana akiipokea basi amekubali. Dada anasema Okinyi ataambiwa mambo yakishaiva, hatakubali kumwaibisha mama wa watu, na hata akiendelea kukaa Kondele si neno, wanaume wengi wanakaa mbali na wake zao kwa sababu ya kazi. Okinyi atatoka, Oluoch atamfuata, Nicodemus atafunga mdomo, na mimi Jumanne, hoja ikirudi kupigiwa kura, nitamalizia mjadala nikiwa na mkwe njiani. Caren mwenyewe hajui lolote kuhusu Robinson. Dada anasema hayo atayajulia ndani ya nyumba, kama wanawake wote wanavyojulia mambo ya waume zao.

Nikisikia dada akiongea naona ana akili. Akishaondoka nasikia vibaya. Nisimame Jumanne au nisisimame? Watu waende Muhoroni au wasiende? Na huu mlango niufanye nini, nikiurudisha nitaonekana nimekubali mambo yao, nikiuacha hapo mvua imeanza na mbao zitaoza. Nisaidie, Mwalimu. Nina miaka sitini na moja na sijawahi kukosa la kusema.

Baba wa Watu,
Kisumu

*

Baba wa Watu,

Umeomba jibu Jumamosi, hili hapa. Lakini kabla sijafika kwenye mlango, nikuambie nilichofanya na barua yako. Ulibadilisha majina kama ulivyosema, halafu ukaiandika kwenye karatasi ya ofisi yenye jina la wadi juu na muhuri chini, ukanieleza hata duka la Robinson liko mkabala na nini. Nimeyafuta yote, na suti yako nimeibadilisha rangi. Mtoto alikuomba kitu kimoja, usitaje boma. Ulilitaja bungeni, na nusura ulitaje tena hapa gazetini, huku ukiomba msaada. Sidhani ni ubaya. Nadhani umezoea kuongea mpaka hujui tena lipi ni lako la kusema na lipi ni la mtu mwingine.

Pole, hata hivyo. Naisema kwa moyo. Baba aliyeandika habari ya vile viatu si baba mwenye moyo wa jiwe, na ungeweza kuniandikia barua nzima bila kuvitaja. Nimesoma sehemu hiyo mara tatu, nikaiweka chini, nikaenda kuosha vyombo.

Sasa tuanze na Caren, kwa sababu katika hadithi yako nzima yeye ndiye hajakosea chochote na yeye ndiye mnataka alipe. Nilifundisha wasichana miaka thelathini na mbili. Kuna waliorudi kwangu wakiwa wake za watu, wakaketi jikoni kwangu wakaniuliza wao wana kasoro gani mbona waume zao hawawaangalii, wamebadilisha nywele, wamefunga na kuomba, wamenenepa, wamekonda. Mmoja alijilaumu miaka kumi na moja. Hicho ndicho mnachompelekea binti wa watu na mnakiita ayie, na mama yake atawapikia kuku na kuwashukuru. Mpigie dada yako simu leo hii, si kesho. Mwambie safari imekufa na mwenye kuiua ni wewe. Akikuuliza sababu mwambie hutaki, wewe ndiye kaka wa ukoo mwenye kelele kuliko wote, leo zitumie kelele hizo kwa kazi nzuri. Na aende mwenyewe kwa mama Caren aombe radhi, bila kumtaja Okinyi kwa ubaya.

Oluoch na mawe yake si sababu ya kumwoza mtu. Nimeishi kwenu tangu nikiwa msichana wa Bungoma asiyejua hata kusalimia kwa Kijaluo, na nimeona mengi. Shemeji yangu mmoja alikwenda ng'ambo hakurudi wala hakuoa, na wadogo zake walikuwa wamebanana hivyo hivyo. Wazee wa ukoo waliketi, wakamsimamishia kijumba cha ishara kwenye kiwanja chake, yeye akiwa ameridhia kwa simu, na wadogo wakatoka mmoja mmoja. Hakuna aliyekufa kwa hilo. Ita wazee wako. Lakini ona, hata hapo kuna kuridhia kwa mkubwa. Utamwombaje Okinyi aridhie kama simu hashiki? Kila njia unayotaka kupita inapita kwake.

Tuje kwenye Jumanne. Usitarajie niamue hapa kama sheria ya ndoa ibadilike au isibadilike. Wasomaji wangu hawatapatana juu ya hilo, hata mimi na mchungaji wangu tumebishana mpaka chai ikapoa. Sheria yetu ya leo inaijua ndoa ya mwanamume na mwanamke, na Okinyi anaijua kuliko wewe kwa sababu yeye ndiye anayeishi nayo kila siku. Lakini unaposimama kupinga, angalau ujue unapinga nini. Wanaodai haki hiyo wanadai nini hasa? Usiwatafute Nairobi, rudi kwenye lile benchi. Mtu amekaa na viatu vya mgonjwa mapajani, anamjua mgonjwa huyo kuliko yeyote pale hospitalini, na hana neno la kumwambia muuguzi. Pale ndipo palipo na ubishi wote, na wewe ulikuwepo. Wewe ulikuwa na neno la kumsaidia nalo, si lazima liwe la ndoa, ungesema tu huyu ni mtu wa nyumbani kwangu. Ukamwita fundi wa nguo, naye kwa ustaarabu wake akakuitikia ili usione haya.

Kwa hiyo Jumanne hutaongeza neno juu ya watoto wa watu. Ukiweza kuomba ruhusa usiwepo, omba, nyinyi waheshimiwa huomba ruhusa hata kwa sababu ya harusi ya jirani. Lakini kilicho bora zaidi, mimi naona, ni usimame dakika moja. Bungeni kwenu mna utaratibu wa mtu kuondoa maneno yake na kuomba radhi, mnautumia kila mkitukanana. Utumie. Sema kwamba siku ile ulitamka jambo kuhusu boma lako ambalo halikuwa haki yako kulitamka, na unaliondoa. Usieleze. Usitaje jina. Kutakuwa kimya, na safari hii utauvumilia ukimya huo mpaka uketi.

Nicodemus atafurahi. Anaweza hata kukushinda, sitakudanganya, watu wengi wa wadi yako wanaamini kila neno ulilosema siku ile. Utakuwa mtu wa kawaida anayeitwa Mzee badala ya Mheshimiwa. Wako wengi Kisumu, na wanapika kahawa zao na kulala vizuri. Kiti utakiacha siku moja hata usipopenda. Okinyi ni wako mpaka mwisho, na ukianguka hospitali wewe, yeye ndiye watakayemtafuta atie sahihi, na nina hakika simu yake itakuwa wazi.

Na mama yake, mwombe radhi kabla ya wote. Yeye ametundika leso kwenye nyumba ya mtoto aliyefukuzwa na babake kwenye redio, huku akikupakulia chakula. Usimwambie mipango yako. Mwambie umekosa.

Sasa mlango. Umeuangalia kila siku kutoka dirishani mwako ukaona mtoto amekukataa. Mimi nimeusoma tofauti. Ni wewe uliyeniambia kwamba Okinyi akifungua kitu hafungui ili kiharibike. Mtu anayeondoka moja kwa moja huenda na mlango wake, ni mbao yake, ameinunua. Mwenye hasira huupiga teke. Huyu alikunywa chai ya mama yake, akafungua bawaba tatu bila kuvunja hata moja, akaweka skrubu zote pamoja mpaka ile fupi, akauweka mahali ambapo wewe peke yako utauona ukiamka. Fundi anayefanya hivyo anategemea kifaa kitarudishwa mahali pake, na anataka aone nani atakirudisha.

Hutaurudisha peke yako, kwa sababu utaupinda, na hutamtuma dereva wala Oluoch. Toa mlango mahali unaponyeshewa, uingize ndani. Jumapili baada ya ibada panda boda uende Kondele bila suti na bila watu wa picha. Mlango wa kwao utafunguliwa na Robinson, na wewe utamwamkia kwa jina lake, uulize habari yake, ungoje akujibu. Ukikaribishwa ndani ingia, ukiachwa nje kaa nje, benchi mtu anaweza kulikalia saa mbili, mwenzako amelikalia. Okinyi akitokea usihutubie. Mwambie ulimpa mkono ukauvunja, na kwamba Jumanne utaondoa maneno, hata asipokusamehe. Halafu mwombe kitu kimoja tu. Kwenye kile kifuko aliweka vyote, ila bisibisi hakuiacha. Mwombe akuazime, na umwombe aje nayo mwenyewe.

Mwalimu Nasike